Mlango wa Ujiji una sheria, fundi wake hana

Barua ya wazi kwa wote wenye dhamana ya ardhi, ujenzi, utamaduni na mambo ya kale mkoani Kigoma

Waheshimiwa,

Shikamooni mlionizidi umri. Wenzangu, habari za kazi.

Mimi ni fundi simu hapa Ujiji. Meza yangu ipo kwenye baraza ya nyumba ya udongo ambayo bati lake lina kutu na limechomoza mbele ya ukuta kama hatua mbili. Baraza hiyo ndiyo ofisi yangu, ndiyo kijiwe cha bao, na mvua ikishuka huwa stendi ya kila mpita njia. Nimekaa hapo miaka kumi na moja, na nyufa za ukuta ule nazijua kama nyufa za vioo vya simu za wateja wangu.

Mwezi uliopita alinijia kijana wa chuo kutoka Dar es Salaam, begi mgongoni, simu imezima chaji. Alikuwa ametoka kwenye mnara wa Livingstone, yule mpelelezi Mskoti, ameonyeshwa mwembe, amepiga picha na zile sanamu mbili zinazopeana mkono. Wakati simu yake inachaji akaegemea ukuta, akaniuliza, "Kaka, sasa ule mji mkongwe wenyewe uko wapi?"

Nikamwambia, "Umeuegemea."

Alicheka, akadhani namtania. Akafuta vumbi jekundu kwenye shati, akapanda bajaji kurudi Kigoma mjini. Ndiyo maana naandika, kwa sababu nadhani hata ninyi, mkipita na magari yenu kwenda kwenye ule mwembe, mnaupita mji mkongwe bila kuuona.

Sina ugomvi na mwembe. Livingstone alifika hapa mara ya kwanza Machi 1869. Oktoba 1871 akarudi kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akiwa hoi, akakuta bidhaa alizotumiwa zimeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa. Novemba 10 ya mwaka huo, kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, akaingia na bendera ya Marekani mbele. Neno lake la salamu linajulikana dunia nzima. Lisilojulikana sana ni kwamba aliyemsalimia Stanley kwa Kiingereza kabla ya wote alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kumpokea. Mwembe wenyewe wa siku ile, unaosemwa walikutana chini yake, umeshakufa, na huu mnaoonyesha wageni ni kizazi chake. Kwa hiyo tunatunza mjukuu wa mti, na ni vizuri. Ila mti huotesha mwingine wenyewe, nyumba haioteshi nyumba.

Tena Ujiji haukuanza siku hiyo. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Februari 1858 wakakuta mji una soko lake: samaki, mawese, chumvi ya Uvinza, pembe za ndovu, na watu wanaouzwa. Katika miaka iliyofuata Wazungu waliandika kwamba wachuuzi wa hapa walilipana kwa shanga za sofi, vipande vyeupe vilivyofanana na mrija wa kiko uliovunjika. Livingstone alipokuwa hapa, mkubwa wa mji alikuwa Mwinyi Heri. Watu hao walilala ndani ya kitu, na kitu hicho mtu alikijenga.

Niseme na jingine, nisije nikaonekana napamba. Njia iliyotuletea miembe ndiyo iliyopitisha minyororo. Wazee wa hapa husimulia kwamba miembe ya barabara ya kale iliota kutokana na kokwa walizotupa waliokuwa wamefungwa. Wengine wanasema hapana, ilipandwa makusudi iwe kivuli cha misafara. Upande wa bibi yangu sisi ni Wamanyema, na katika ukoo huo swali la "mlivukaje ziwa?" halikuwa likijibiwa mbele ya watoto. Nchi yetu mwaka 2006 iliiandikisha njia hii, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kwenye orodha ya awali ya UNESCO, na jina lililoandikwa linataja wazi utumwa na pembe. Vizuri. Lakini mtumwa hakutembea tu. Mahali alipofikishwa alikanda udongo, alikata fito, alibeba mawe ya msingi. Tukibomoa kazi ya mikono yake bila hata kuipiga picha, sijui tunamkumbuka kwa lipi.

Mnaweza kuniambia hizi ni hadithi za kijiweni. Zamani nami nilisema hivyo. Nilipokuwa mdogo wazee walituambia kwamba siku za Livingstone ziwa lilifika karibu na mwembe, kisha "likakimbia". Sisi tulikuwa tunatembea kutoka mwembeni hadi majini tukitokwa jasho, tukasema wazee wana chumvi nyingi. Kumbe walisema kweli. Miaka ya 1870 ziwa lilijaa mno, hadi mwaka 1878 hivi maji yakazibua mto Lukuga ng'ambo ya pili, karibu na Kalemie ya leo, na miaka iliyofuata ziwa likashuka kama mita kumi. Ufuko wetu ni bapa, kwa hiyo ziwa likishuka kidogo tu maji yanakwenda mbali. Hiyo ni sababu mojawapo ya meli na reli kwenda Kigoma kwenye ghuba yenye kina, na Ujiji kubaki na baraza zake. Halafu ziwa likapanda tena hadi 2021 likaingia kwenye majumba ya watu mwambao mzima, na wazee wale waliokuwa hai hawakushangaa. Walisema limerudi kuangalia vitu vyake.

Tangu hapo mzee akinisimulia jambo kuhusu ukuta au mlango, nasikiliza kwanza, nacheka baadaye.

Sasa sheria. Mteja wangu mmoja anayesomea uanasheria aliniletea Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 kwenye simu, nikaisoma pale pale mezani nikingoja solda ipate moto. Jengo linahesabika kuwa mnara wa kale kwa umri wake likiwa limejengwa kabla ya 1863. Jipya zaidi ya hapo halina ulinzi mpaka Waziri alitangaze. Maana yake nyumba iliyojengwa Ujiji mwaka ule ule Stanley alipofika imekosa sifa kwa miaka minane! Lakini sheria hiyo hiyo inautaja mlango wa mbao na fremu yake, uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940, kuwa kitu kinacholindwa. Kwa hiyo katika mtaa wangu kuna nyumba ambazo mlango wake ni mali ya kulindwa na ukuta ulioushika ni takataka. Sijui aliyeandika alifikiri mlango unasimama hewani.

Nimeona hewa hiyo kwa macho yangu. Mwaka juzi, alfajiri ya Jumanne, kirikuu ilisimama nyumba ya tatu kutoka kwangu. Wakashuka vijana wanne na mtaimbo, kamba na magodoro mawili. Nyumba ile ilikuwa na mlango wa mninga wa mbao mbili, mfaa katikati, nakshi ya mnyororo ikizunguka miimo yote na waridi moja kwenye kizingiti cha juu. Waliung'oa pamoja na fremu kwa muda wa kunywa chai mbili. Kisha wakaulaza juu ya godoro la kwanza, wakaufunika kwa la pili, wakaufunga taratibu kama mgonjwa. Sijawahi kuona kitu cha Ujiji kikibebwa kwa heshima kiasi kile.

Warithi wapo Kalemie, Bujumbura na Dar es Salaam, wengine hawajawahi hata kulala kwenye nyumba hiyo. Kila mmoja alipata hela ya nauli na kitenge. Siwalaumu. Nyumba ya mirathi yenye watu kumi na wanne haina mwenye kupanda juu kuziba bati, ila ina watu kumi na wanne wa kugawana mlango.

Nilikwenda kwenye ofisi moja kutoa taarifa. Nikaulizwa, "Mlango ni wenu?" Nikasema hapana. "Sasa wewe unalalamikia nini?" Nikaeleza habari ya sheria, 1964, 1940. Afisa akaniambia niandike barua. Nikauliza, niiandike kwa nani? Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa wahusika." Ndiyo hii, waheshimiwa. Imechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta wahusika.

Yaliyofuata hayakuhitaji mtabiri. Mwimo si urembo tu, ndio uliobeba kizingiti, na kizingiti ndicho kilichobeba ukuta wa juu. Waliziba pengo kwa bati na misumari. Msimu wa kwanza wa mvua ukuta ukachora ufa mmoja mrefu kutoka kwenye pengo hadi kwenye paa. Msimu wa pili, usiku wa kuamkia Ijumaa, upande wote wa mbele ukakaa chini. Haukuanguka, ulikaa, kama mtu aliyechoka. Leo kimebaki chumba kimoja cha uani, na ndani yake anaishi mpangaji wa siku nyingi, mzee seremala, ambaye ujana wake alijifunza kazi kwa babu yangu. Yaani mtu wa mwisho ninayemjua anayeweza kuchonga mlango kama ule analala nyuma ya shimo ulipokuwa mlango ule.

Huyu mzee ananiita mjukuu. Akiwa na nguvu anakuja barazani jioni na fimbo yake, nami namkalisha upande usio na jua. Ameniambia mengi ambayo sikuyaona hata baada ya kukaa hapa miaka. Kwamba ukitaka kumjua fundi usitazame mlango mbele, tazama nyuma, ambako hakupiga randa: alama za tezo zikienda mkono mmoja, fundi alikuwa mmoja, zikigongana, walikuwa wawili na mmoja wao alitumia shoto. Kwamba waliipenda mninga kwa sababu haichezi sana ikikauka, na mvule kwa sababu mchwa wanaiogopa. Kwamba mbao ililazwa kivulini mwaka mzima na zaidi kabla ya kuguswa, na mteja mwenye haraka alipelekwa kwa fundi mwingine. Kwamba nakshi ya mwisho huchongwa mlango ukiwa umeshasimama, maana jua la mahali penyewe ndilo linaloonyesha kina cha patasi.

Nilimuuliza habari ya ile hadithi maarufu, kwamba kuta za nyumba fulani za matajiri zilikandwa kwa mayai na maziwa ndiyo maana zimedumu. Alicheka hadi akakohoa. "Mjukuu wangu, kuku wangapi? Ni udongo wa kichuguu."

Udongo wa kichuguu! Mchwa ameshausaga, ameshaufinyanga, una gundi yake. Unachanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwa fupi, unamwagiwa maji, unakanyagwa, unafunikwa, unaachwa uvunde siku kadhaa, unakanyagwa tena. Ndipo ukandike. Juu yake chokaa nyembamba. Chini msingi wa mawe, ili maji yanayoruka kutoka ardhini yasiguse udongo. Juu bati au makuti yatoke nje kabisa, ndiyo hizo hatua mbili zinazonikinga mimi na wateja wangu. Wakazi wa sasa huona baraza kama mahali pa kukalia. Mzee anasema baraza ni kofia na viatu vya nyumba, kukaa ni faida ya ziada.

Hapa ndipo nifike kwenye ufa wa pembe ya kusini ya nyumba yenye meza yangu. Nyumba ninayofanyia kazi ilikuwa imara. Miaka minne iliyopita mwenye nyumba alipata hela ya mawese, na kwa nia njema kabisa akaipiga lipu ya saruji nje na rangi ya bluu. Mtaa mzima ukampongeza. Mimi pia nilimpongeza, nilipata ukuta mzuri wa kubandika bango langu. Lakini udongo hupumua. Huvuta unyevu asubuhi, hutoa mchana. Saruji ni ngumu, haifuati mwendo wa udongo, na jua la Kigoma likiipiga inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mvua hapa zinaanza Oktoba au Novemba hazituachi mpaka kuelekea Mei. Maji yanaingia kwenye unywele ule, yanafika kwenye udongo, na njia ya kutokea hakuna. Ukuta unalainika nyuma ya lipu huku mbele unang'aa. Fito zinaoza kimya kimya. Siku moja nilipigilia msumari wa kutundika chaja, lipu ikabanduka kipande kikubwa kama sinia, nyuma yake udongo umekuwa uji.

Nikamwita mzee. Akaingiza kidole, akanusa, akasema, "Hii inatibika, lakini saruji itoke yote." Mwenye nyumba alikubali. Tatizo likawa kibali. Fomu niliyoonyeshwa ilitaka tutaje idadi ya mifuko ya saruji, nondo na tofali. Udongo haukuwa na mstari wake. Kijana aliyekuwa zamu, mtu mwema tu, akanishauri niandike saruji ili mambo yaende. Kwa hiyo ili nitoe saruji ukutani, niandike kwamba naweka saruji. Fomu hiyo ninayo mpaka leo, sijaijaza.

Msinielewe vibaya. Simlazimishi mtu kuishi kwenye udongo. Mimi mwenyewe nyumba yangu ni ya tofali za saruji, ina vigae, na mke wangu asingekubali vinginevyo. Nazungumzia nyumba chache zilizobaki, ambazo kwenye mitaa ya zamani ya Ujiji ukitembea kutoka Adhuhuri hadi Alasiri unazimaliza zote. Zikienda hizo, mafundi wake hawatakuwa na pa kuonyeshea kitu hata wakitaka kufundisha.

Maana fundi mmoja huvuta mwingine. Mlango wa seremala ulihitaji bawaba, tumbuu na misumari ya kichwa kipana, na hizo alizifua mhunzi. Ninakumbuka karakana ya mhunzi wa mtaa wetu nikiwa mtoto: mivukuto ya ngozi, fuawe lililozikwa nusu kwenye gogo, na chuma cha springi za Land Rover kikiwa chekundu kama pilipili. Milango ilipobadilika kuwa ya chuma ya kuchomelea, akabaki na majembe. Majembe ya dukani yaliposhuka bei, akabaki na visu. Alipokufa wanawe waliuza fuawe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo.

Au fundi karabai. Kwa asiyejua, wavuvi wetu wa dagaa walitoka na vipe, boti zao za uvuvi, usiku wa giza wakining'iniza karabai juu ya maji, dagaa wakafuata mwanga. Ukisimama ufukweni uliona ziwa limekuwa mji wenye taa barabarani. Kila karabai ilikuwa na pampu, utambi na sindano ya kuzibua, na kila mtaa ulikuwa na mtu wa kuzitengeneza. Zikaja taa za betri na sola. Huyo wa mtaani kwetu hakulia. Alikuja kukaa kwangu wiki mbili akanitazama ninavyofungua simu, sasa anatengeneza hizo taa za sola na ananipita kwa wateja. Kwa hiyo siyo kila ufundi ukifa fundi anakufa nao, nalikubali hilo. Wajenzi wa maboti huko Kibirizi na Katonga nao bado wapo, wanapinda mataruma, wanakalafati kwa pamba na mawese, kwa sababu bahari yetu hii inadai boti kila siku. Ufundi wenye mteja haunipi usingizi mbaya. Naulilia ule ambao mteja wake pekee aliyebaki ni ninyi.

Ndiyo, ninyi. Majengo ya umma ya zamani katika mkoa huu, stesheni ya Kigoma iliyojengwa kwa ajili ya reli iliyofika hapa 1914, zile nyumba za mawe za Wajerumani, na lolote la Ujiji mtakalosema mnalihifadhi, lazima lipigwe lipu na litiwe milango kila baada ya miaka. Mnapotangaza zabuni, andikeni kwamba kazi ya chokaa ifanywe kwa chokaa, ya udongo kwa udongo, na kwamba mkandarasi amlipe fundi mzee awepo na amwachie vijana wawili wa kujifunza. Mstari mmoja kwenye zabuni unatosha kumfufua mtu.

Halafu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Wanao utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza mtaani na kumpa cheti. Vijana wa gereji wamepata, wapishi wamepata. Mzee wangu wa tezo hakuna aliyewahi kumpima. Mkimpima sasa hivi atawapima ninyi. Lakini cheti si hoja yake, hoja ni kwamba akiwa na karatasi mnaweza kumlipa kufundisha, bila karatasi mnaweza tu kumpongeza kwenye sherehe.

Na daftari. Nendeni nyumba kwa nyumba, mwandike: mlango upo, wa mbao gani, nakshi gani, nyumba ya nani, fundi alikuwa nani kama kuna anayekumbuka. Piga picha mbele, piga picha nyuma. Kirikuu ikija alfajiri, angalau polisi wa kizuizi cha njiani watakuwa na picha ya kulinganisha na kilicho chini ya godoro. Kazi hiyo inahitaji simu tu, na simu mimi ninazo nyingi, baadhi wenyewe hawajazifuata tangu mwaka jana. Mkinipa kijana mmoja wa ofisi na barua yenye muhuri, tutaanza Kitongoni na Kasingirima Jumamosi yoyote.

Ninasisitiza jina la fundi kwa sababu nimeona yanavyopotea. Meli yetu ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwavunjwa, ikaja kwa meli na kwa treni, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, mashine zake zikiwa zimepakwa grisi nzito zisiharibike. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Wajerumani watatu waliokuja na vipande vyake kusimamia kazi wanajulikana: Rüter, Tellmann na Wendt. Majina yao yapo vitabuni. Sasa mnitajie mmoja, mmoja tu, kati ya Waafrika waliopiga zile ribiti kwenye jua la Kigoma. Huo mlango uliokwenda na kirikuu nao, huko uliko, nina hakika umewekwa mahali pazuri na wageni wanausifu, na anayeusifu anaambiwa ni wa "mtindo wa Zanzibar".

Aliyeuchonga alikuwa babu yangu. Sikulisema mwanzoni kwa sababu nilitaka mnisikilize kama raia, siyo kama mtu mwenye msiba. Kwa nyuma, upande wa chini kulia, kuna alama ya tezo iliyokwenda kombo. Mzee anasema ni yake yeye, siku ya tatu ya uanafunzi, na kwamba babu alimpiga kofi moja kisha akaiacha ibaki ili aione kila akipita.

Mkitaka kumwona, njooni baada ya swala ya Alasiri. Asubuhi anakwenda kliniki ya presha na mchana analala. Masikio yamepungua, semeni kwa sauti. Hamtapata mlango wa kupigia hodi, kwa hiyo zungukeni na uchochoro wa kushoto mpaka uani, mtamkuta chini ya mti akinoa patasi ambazo hana kazi nazo.

Wenu,
Fundi simu wa barazani, Ujiji